Injini Moja Iliyoibwa Mwaloni na Shahada Nzima ya Kriminolojia

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, darasa la kriminolojia hupokea vijana waliokuja kujifunza kumkamata mwizi. Wiki ya sita haijaisha, baadhi yao wameshanywea: mbele yao kuna Durkheim, mwanasosholojia, kuna takwimu, kuna Kanuni ya Adhabu, na mwizi mwenyewe hajaonekana. Afadhali jambo hili lisemwe mapema. Shahada hii haimfundishi mtu upelelezi. Upelelezi unafundishwa ndani ya Jeshi la Polisi, na uchunguzi wa sumu au vinasaba ni kazi ya wataalamu wa Mkemia Mkuu wa Serikali, waliosoma kemia na biolojia. Kriminolojia ina maswali yake: kwa nini tendo hili limeitwa kosa, kwa nini limetokea hapa na si pale, saa hii na si ile, nani amelihesabu na nani amelificha, na baada ya yote mkosaji na mwathirika wanafanywa nini.

Sisi tuliopita humo, na sasa tunasimamia tasnifu za wanaosoma hapa Mwanza, tumeona kwamba anayeelewa kozi upesi ni yule anayeshika tukio moja dogo la mahali anapopafahamu, akalivusha kwenye kila somo. Tukio tunalolipenda ni la injini ya boti. Injini ya nguvu za farasi 15 imelala kwenye mtumbwi mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapoegeshwa, upande wa Ilemela. Kunapambazuka, haipo.

Mwenye injini atasema, "Nimeibiwa." Mwanafunzi ataandika "wizi" na kusonga mbele, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Katika Kiswahili cha kila siku, kuibiwa kunabeba mambo mengi. Kama mtu aliichukua kimyakimya, huo ni wizi. Kama mlinzi alionyeshwa panga kwanza, ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30. Kama ilikuwa imefungiwa stoo na kufuli likavunjwa, kuna kosa la kuvunja juu ya wizi. Na kama alimkodishia jamaa akaenda nayo visiwani asirudi, huenda ni kosa la jinai, huenda ni deni la kudaiwa kwa njia ya madai; inategemea makubaliano yao na nia ya yule jamaa tangu mwanzo. Kwa mwenye mali yote ni "nimeibiwa injini". Kwako wewe ni safu nne tofauti za jedwali, na ukizichanganya, hakuna hesabu itakayokuokoa mbele.

Kwa hiyo somo la sheria ya jinai la mwaka wa kwanza usilichukulie kama mzigo wa watu wa sheria. Jifunze vijenzi vya kosa kwa makosa kama kumi tu yanayotokea sana, uvijue kwa kichwa. Na unaponukuu kifungu cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, au cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, taja chapa unayotumia. Kitini ulichorithi kwa kaka aliyemaliza miaka kumi iliyopita kinaweza kuwa na kifungu ambacho maneno yake yamebadilishwa.

Sasa tuihesabu injini yetu. Ili iingie kwenye takwimu za taifa, mwenyewe lazima ajue imeibwa, aone ni jambo la kupeleka polisi, aende, aandikishwe na kupewa RB, ile namba ya taarifa yake kituoni, kisha jalada lifunguliwe kwa kosa fulani. Kila hatua ina watu wanaoachia njiani. Mwaloni sababu ziko wazi ukikaa na watu vizuri: kituo kiko mbali, tajiri wa mtumbwi anaishi mjini na wavuvi wake wanaogopa kumwambia, au ndani ya mtumbwi huohuo kulikuwa na nyavu za timba, yaani za uzi mmoja wa plastiki, au nyavu za dagaa zenye matundu madogo kuliko yanayoruhusiwa. Mtu mwenye nyavu haramu haendi kituoni kulalamikia injini halali. Pengo hilo kati ya kilichotokea na kilichoandikwa ndilo linaloitwa idadi ya gizani, na mwanafunzi anayelielewa ameshika nusu ya kozi.

Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa taarifa ya mwaka ya uhalifu na matukio ya usalama barabarani, ikiyagawa makosa katika yale dhidi ya binadamu, dhidi ya mali na dhidi ya maadili ya jamii. Isome yote, lakini usilinganishe mikoa kwa idadi tupu. Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 3,699,872 katika sensa ya 2022. Tuseme, kwa mfano wa darasani tu, umeandikisha matukio 740 ya kosa fulani: gawanya kwa idadi ya watu, zidisha kwa 100,000, unapata 20. Mkoa mwingine wenye watu 1,200,000 na matukio 400 unapata 33.3. Ule wenye matukio machache ndio wenye hali mbaya zaidi. Kuna mtego mwingine hapo, nao umeangusha tasnifu nzuri: mikoa ya kipolisi si lazima ilingane na mikoa ya utawala. Tarime na Rorya ni mkoa wa kipolisi peke yake, ingawa kiutawala ziko Mara. Ukichukua makosa ya "Mara" ya polisi ukayagawa kwa watu wa Mara yote ya sensa, umedanganya bila kukusudia.

Angalia pia aina ya kosa. Wizi unaingia kwenye takwimu kwa sababu mtu amelalamika. Dawa za kulevya, silaha haramu na uvuvi haramu vinaingia kwa sababu kuna doria iliyokwenda kutafuta. Mwezi wenye doria nyingi ziwani utaonyesha uvuvi haramu umepanda. Usiandike kwamba wavuvi wameharibika. Andika kwamba mafuta ya boti ya doria yalipatikana, kama ushahidi unaonyesha hivyo.

Sehemu tunayotumia muda mwingi na wanafunzi ni dodoso, kwa sababu darasani tunasoma kwa Kiingereza, tunaandika tasnifu kwa Kiingereza, na mwaloni tunauliza kwa Kiswahili watu ambao wengine wanafikiri kwa Kisukuma au Kikerewe. Swali la "Je, umewahi kuwa mwathirika wa uhalifu?" halina maana mwaloni. Utajibiwa "hapana" na mtu aliyenyang'anywa simu juzi. Uliza tendo: "Tangu Nanenane ya mwaka jana hadi leo, kuna mtu yeyote aliyechukua kitu chako bila ruhusa na wewe hukuwepo?" Kisha: "Kuna aliyekunyang'anya kitu kwa nguvu au kwa kukutisha?" Kisha: "Kuna aliyechukua hela yako kwa ujumbe wa simu, kama ule wa 'ile hela tuma kwenye namba hii'?" Kila tendo swali lake. Nanenane tumeiweka makusudi. Mtu akiulizwa miezi 12 iliyopita huvuta ndani matukio ya miaka miwili nyuma, kwa kuwa yalimuuma. Siku inayojulikana, Nanenane, Krismasi au Idi, humsaidia kuweka mpaka.

Lijaribu dodoso kwa watu kumi kabla ya kuchapisha nakala zote. Mpe mwenzako alirudishe kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza bila kuona la awali. Yatakayorudi yamepinda ndiyo maswali mabovu. Na angalia kalenda ya mwezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wengi hupumzika. Ukienda kipindi cha giza utawakuta asubuhi wamechoka, wanaanika dagaa, na atakayekubali kukaa nawe dakika 40 ni yule asiyefanya kazi ziwani. Sampuli yako imeshaegemea upande. Panga siku zako kuzunguka mwezi mpevu.

Kuhusu sampuli, fomula ya Yamane ya kukadiria ni watu wangapi wa kuhoji imekuwa kama dua: kila mtu anaiandika. Idadi ya watu 1,200 na ukomo wa kukosea wa asilimia 5 inakupa 300. Ukomo wa kukosea wa asilimia 10 unakupa 92. Hesabu ni sahihi, tatizo ni hiyo 1,200. Imetoka wapi? Fomula inadai uwe na orodha ambayo kila jina lina nafasi ya kuchaguliwa. Kama orodha pekee iliyopo ni ya wanachama wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, sema hivyo, na ueleze nani hayumo: vibarua, wanawake wachuuzi wa dagaa, vijana waliofika msimu huu. Na kama unafanya mahojiano ya kina na watu wanane, usimtaje Yamane kabisa.

Nadharia sasa. Mtihani huuliza majina na miaka, nayo ni lazima uyajue: Merton 1938 na pengo kati ya malengo ya jamii na njia za kuyafikia, Hirschi 1969 na vifungo vyake vinne vinavyomshikiza mtu kwenye jamii. Lakini alama za juu zinatoka kwenye kutumia. Cohen na Felson, 1979, wanasema kosa linahitaji vitu vitatu vikutane mahali na wakati mmoja: mtu mwenye nia, shabaha inayofaa, na kukosekana kwa mlinzi anayeweza kuzuia. Irudishe injini yetu. Ina uzito wa kilo 40 hivi, mtu mmoja mwenye nguvu anaibeba begani. Ina soko, nzima au kwa vipande. Haina hati inayoulizwa na mnunuzi wa haraka. Na mlinzi katika nadharia hii si lazima awe mgambo. Mama anayekaanga samaki jirani na mitumbwi ni mlinzi tosha, mpaka anapofunga kibanda. Hapo mwezi unaingia tena: usiku wa giza injini ziko majini na wenyewe, usiku wa mbalamwezi zimeegeshwa. Je, wizi wa mwaloni na uporaji wa majini vinapishana kwa mwezi? Hilo ni swali la tasnifu zuri mno. Lina ukomo, linapimika, na halihitaji kumhoji jambazi.

Linganisha na mada tunazoletewa mara nyingi: "Athari za umaskini katika uhalifu Mwanza." Umaskini upi, uhalifu upi, Nyamagana au Kwimba? Mada hiyo humaliza muhula wote wa kukusanya data bila kuulizwa swali moja lenye jibu. Kuna na dhuluma ndani yake. Watu wa milimani Mabatini si watuhumiwa kwa kuwa nyumba zao zimeshikamana na mawe, na takwimu ya kata haisemi lolote juu ya mtu mmojammoja anayeishi humo.

Sykes na Matza, 1957, ndio wanaokaa vizuri zaidi ziwani. Walionyesha kwamba anayevunja sheria mara nyingi anaiheshimu, ila ana namna za kujitoa lawamani: kukana wajibu, kukana madhara, kukana kwamba kuna aliyedhulumiwa, kuwalaumu wanaomlaumu, na kutanguliza wajibu kwa watu wake. Weka sikio kwenye mazungumzo ya kokoro, nyavu haramu za kukokota, na utayapata yote matano: tajiri ndiye aliyenipa nyavu, samaki hawaishi, ziwa ni la Mungu, wanaotukamata nao wanakula samaki haohao, watoto watalala njaa. Usiyaandike kama uongo wa wavuvi. Yaandike kama yalivyosemwa, kisha uulize ni lipi linasemwa kabla ya tendo na lipi linatafutwa baada ya kukamatwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama nadharia imesimama. Na Sutherland, aliyeandika juu ya uhalifu wa wenye nafasi katika biashara zao, usimwache: mnunuzi mwenye mizani iliyochezewa huiba kila siku, kwa watu wengi, bila panga, na jina lake halifiki kwenye taarifa ya uhalifu.

Huku kwetu huwezi kusoma udhibiti wa jamii ukakwepa sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wananchi wenyewe. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, wizi wa ng'ombe ukiwa umewachosha watu, na baadaye serikali ikawatambua. Wanafunzi huandika insha za kuwasifu au za kuwalaani. Zote mbili hupata alama za kati. Tunachotaka kuona ni maswali: nani anaweza kutuhumiwa, kwa ushahidi gani, nani anaweza kukataa faini, mwanamke anasimama wapi. Kundi linapomuua mtuhumiwa, usiandike pia "wananchi wenye hasira kali" kama gazeti. Maneno hayo yanamfuta muuaji. Kundi lina watu, na watu hao walikuwa na majukumu tofauti, mmoja aliyeita, mwingine aliyeleta tairi, wengine waliotazama.

Mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi na mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yameumiza sana Kanda ya Ziwa, na kila mwaka kuna kijana mwenye moyo mwema anayetaka kwenda kuhoji familia. Tunamkatalia. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hana mafunzo ya kumfungua mtu jeraha la namna hiyo wala huduma ya kumfungia. Mada haijafungwa lakini: hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, na humo kuna maelezo ya mashahidi, mazingira na hoja kuliko unavyoweza kukusanya kwa wiki mbili.

Kwenda mahakamani nako ni lazima, na hakuna gharama zaidi ya nauli. Mashauri husikilizwa mahali pa wazi, isipokuwa machache yanayofanyika faraghani, kama ya watoto. Vaa kwa heshima, zima simu, kaa nyuma, omba kwa karani akuonyeshe orodha ya siku. Jifunze mapema kutofautisha shauri lililokuja kutajwa na lililokuja kusikilizwa, la sivyo utapoteza wiki nzima ukiangalia watu wakipewa tarehe. Hata hivyo tarehe hizo ni data. Chora safu tano: saa shauri lilipoitwa, aina ya kosa, lilikuja kwa ajili gani, nini kilifanyika, nani hakuwepo. Siku kumi za jedwali hilo zitakuonyesha kesi zinapofia, na mara nyingi ni kwa shahidi kutofika. Mvuvi aliyeona tukio ameshahamia mwalo mwingine kufuata samaki.

Siku shahidi akifika, sikiliza utambuzi. Katika shauri la Waziri Amani, lililoamuliwa 1980, Mahakama ya Rufani iliweka mambo ya kupima kabla ya kuamini kwamba shahidi alimtambua mtu usiku: alimwangalia kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alimfahamu kabla au la. Ziweke kando ya daftari na utie alama kila moja inapoulizwa. "Nilimwona kwa taa ya sola" haitoshi. Taa ilikuwa wapi, ilimulika uso au mgongo? Utaelewa kwa nini mwenye injini anaweza kuwa na hakika kabisa na bado mshtakiwa akaachiwa kihalali.

Vibali huua ratiba kuliko uvivu. Barua ya chuo hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, kwa mkurugenzi, mtendaji wa kata, mtendaji na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha viongozi wa mwalo. Beba nakala nyingi, maana kila meza hubaki na moja. Ukitaka kuhoji polisi au wafungwa, ruhusa iko juu zaidi ndani ya vyombo hivyo na inaweza kuzidi muda wa muhula wako. Tasnifu inayosimama kwenye mahojiano ya gereza la Butimba peke yake ni kamari. Ukifika mwaloni, anza na mwenyekiti wa BMU. Shikamoo kwa wazee, "mwangaluka" asubuhi kwa wenye Kisukuma, na eleza kazi yako kabla hujatoa karatasi. Karatasi ikitangulia, umekuwa mtu wa doria.

Na siri za watu. Mwanafunzi hana kinga ya wakili. Ukiandika jina, tarehe na mahali pa kosa ambalo halijaripotiwa, umebeba kitu ambacho kinaweza kuitwa mahakamani. Kabla ya mahojiano mwambie mhojiwa asitaje majina, yake wala ya wenzake. Ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa mara nyingi inafaa kuliko saini, kwa sababu saini ndiyo ushahidi pekee kwamba alizungumza nawe. Ombeni ruhusa ya kuitumia kwenye kamati ya maadili ya chuo mapema. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pia, na rekodi zilizoachwa wazi kwenye simu isiyo na namba ya siri ni uzembe wa kweli.

Ajira tutazitaja kwa kifupi. Shahada pekee haikupeleki polisi, Magereza au TAKUKURU. Kila chombo kina tangazo lake, umri wake na mafunzo yake. Uchambuzi wa utapeli kwenye benki na kampuni za simu unahitaji uwe umeshika takwimu na programu ya majedwali vizuri. Somo la takwimu la mwaka wa pili ndilo linalokimbiwa zaidi, na ndilo linaloulizwa kwenye usaili.

Mwishoni mwa mahojiano mwenye injini atakuuliza: "Sasa mwanangu, hii itanirudishia injini yangu?" Mjibu kweli: hapana, mzee, mimi ni mwanafunzi. Kisha muulize kama alibaki na RB, na kama polisi waliandika namba ya injini. Mara nyingi haikuandikwa, kwa kuwa mwenyewe hakuijua. Namba hiyo iko kwenye kibati kidogo karibu na mabano yanayoibana injini kwenye mtumbwi, mara nyingi imefunikwa na kutu na magamba. Kwa injini aliyobaki nayo, chukua kitambaa, ifute, isome kwa sauti, naye aiandike kwa mkono wake nyuma ya daftari la mauzo.